Utoto wao uko hapa

Somo: Yeremia 29:1-14 na Zekaria 8:1-8

 Jarida hili ni lenu ninyi mlio karibu na kanisa, na ninyi wa vijiji vya mbali ambao huwafikia kwa mkono wa mashemasi, mara nyingi likiwa limekwisha kusomwa na nyumba kumi na kupata madoa ya mafuta. Lisomeni hivyo hivyo.

Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya watoto wadogo na wale wanaowalea. Sababu ni sentensi moja ambayo tunaisikia sana tukitembelea nyumba zenu: "Tutafurahi tukifika." Mtoto anaota jino la kwanza, mama anatabasamu kidogo, halafu anajizuia: haya, tutafurahi tukifika. Mtoto anatimiza mwaka mmoja na siku inapita kama siku nyingine, kwa kuwa sherehe itafanyika tukifika. Tukifika wapi? Mmoja anasema Marekani. Mwingine anasema Rutshuru, mwingine Djugu, mwingine Beni. Kila nyumba ina mahali pake ambapo furaha imewekwa akiba.

Mwezi wa Januari 2025 sentensi hiyo ilipigwa sana. Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kulikuwa na familia ambazo zilikwisha kupimwa afya na kugawa sufuria zao, zikalazimika kurudi kwa jirani kuziomba tena. Mwishoni mwa mwezi huo huo Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na mwezi wa pili ikafuata Bukavu. Aliyengoja kwenda mbele akasimama, na aliyengoja kurudi nyuma akasimama. Kabla mwaka haujafika nusu, msaada wa chakula ukakatwa kwa wakimbizi wengi hapa Uganda. Sisi watu wazima tulisimama. Watoto hawakusimama. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule aliketi, akatambaa, akasimama kwa kushika jerikani, akatembea, akaanza kusema "hapana," na hakuna siku aliyouliza prosesi imefika wapi.

Barua ya Yeremia tunaijua wote. Katika makanisa ya wakimbizi hakuna sura nyingi zinazohubiriwa kuliko hiyo. Kwa kawaida tunakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa 11, ule wa mawazo mema ambayo Mungu anatuwazia, tunausoma kwa sauti, tunasema amina, tunaketi. Safari hii tuanze juu kidogo.

Barua ilitoka Yerusalemu na ilibebwa na watu wawili, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia. Walioandikiwa ni wazee, makuhani, manabii na watu wote ambao Nebukadreza aliwahamisha mpaka Babeli. Katika hao watu wote walikuwamo wanawake wenye watoto wachanga, ingawa Maandiko hayakuwataja kwa majina. Sasa, ukisoma sura ya 28 utaona kwamba kabla ya hapo nabii Hanania alikuwa amekwisha kuhubiri hekaluni kwamba mambo yote yatakwisha katika miaka miwili. Lilikuwa neno tamu. Hata Yeremia mwenyewe aliposikia alisema amina, kwamba Bwana na afanye hivyo. Lakini neno la kweli lililokuja baadaye lilikuwa lingine: miaka 70. Kwa hiyo jengeni nyumba mkae, limeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, ongezekeni huko huko.

Tufanye hesabu pamoja. Mama yuko Babeli, ana mtoto wa miezi sita mgongoni, na barua inasomwa mbele ya watu. Akifuata hesabu ya Hanania, mtoto huyu atarudi Yerusalemu akiwa na miaka miwili na nusu. Utoto wake karibu wote utakuwa kule. Basi mama anaweza kungoja: nyimbo atamwimbia kule, michezo atacheza kule, kicheko kitatoka kule. Akifuata hesabu ya Mungu, mtoto huyu akirudi atarudi na mvi na mkongojo. Hakuna utoto mwingine unaomngoja mahali popote. Asipocheza kando ya mito ya Babeli, hatacheza. Asipoimbiwa na mama yake pale, hataimbiwa.

Mungu alipotaja miaka 70 alikuwa anawafungia mlango mmoja na kuwafungulia mwingine. Tunapoisoma sura hii tunaona agizo la kuzaa watoto likiwa ndani ya barua ile ile yenye ahadi ya kurudi. Havikutengwa. Ahadi ya kurudi ilibaki, na wakati huo huo mtoto aliyekuwa mgongoni alipaswa kupewa utoto wake pale alipo.

Sisi hatukuandikiwa idadi ya miaka. Lakini utoto una idadi yake, na kila mzazi anaijua. Walioivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mwanzoni mwa mwaka 2018, wakitoka Ituri na watoto wachanga vifuani, wanaweza kushuhudia. Watoto wale leo wako shule ya msingi. Wamekwisha kupoteza meno ya utoto. Miaka ile ya kubebwa ilipita hapa, chini ya turubai, na haitarudiwa kwa mtoto yule yule hata tukipewa nyumba ya matofali Goma au Ohio.

Basi tuitazame furaha yenyewe, kwa kuwa ni ya vitu vidogo, na mtu aliyelemewa huipita bila kuiona. Jioni katika vijiji vyetu, moshi wa kuni ukianza kupanda, mama anamwita mtoto aje aoge. Mtoto anakimbia. Anakamatwa, analia kabla maji hayajamgusa, anawekwa ndani ya beseni, na dakika moja baadaye anacheka na kuyapiga maji kwa viganja mpaka kila aliye karibu analowa. Kisha anatolewa, na analia upya kwa sababu sasa hataki kutoka. Ni nyumba ngapi zinafanya hivyo jioni moja? Karibu zote zenye mtoto wa umri huo. Nyumba ya mwenye duka na nyumba ya mjane, kilio ni kile kile na kicheko ni kile kile.

Yupo mtoto anayemfuata mama yake bombani na kijerikani cha lita tatu. Anamwaga nusu njiani, na akifika nyumbani anataka asifiwe kama mtu aliyeleta ziwa lote. Yupo aliyempa kuku jina la mchungaji. (Mchungaji hakukasirika. Aliomba tu kuku huyo asichinjwe wakati wa ziara yake.) Mvua ya usiku ikipiga juu ya mabati au turubai hata watu hawasikilizani, watoto watatu chini ya blanketi moja huanza kupiga kelele kushindana nayo, na baba aliyekuwa akiwaza mahali panapovuja anajikuta anapiga kelele pamoja nao. Yupo mvulana aliyezaliwa hapa hapa, hajawahi kuiona Goma hata siku moja, na amejichongea chukudu ya mbao yenye magurudumu ya kipande cha mti. Babu yake alimwonyesha. Anateremka nayo kutoka juu ya kilima akipiga kelele watu wapishe, na wazee wanaosimama kumtazama wanajua wanatazama nini.

Na lugha zao! Mtoto wa miaka minne anamsalimia jirani kwa Kinyoro, anahesabu kwa Kiingereza, anaomba kwa Kiswahili, na akikemewa kwa lugha ya mama yake anajifanya haisikii. Majirani wetu Wanyoro wana desturi ya kumpa mtu jina la heshima na mapenzi wanaloliita empaako: Amooti, Akiiki, Abwooli, Adyeri na mengine machache. Baadhi ya watoto wetu wamekwisha kupewa na mama wa Kinyoro wanaowauzia ndizi. Mtoto anarudi nyumbani na kutangaza kwamba yeye sasa ni Akiiki. Tusilikatae jina hilo. Mtu hakupi jina la mapenzi kama hataki uwepo.

Tazameni pia michezo yao. Watoto wetu hucheza kugawa posho. Mmoja ni mtu wa ofisi, amekaa juu ya tofali na kijiti kinachofanya kazi ya kalamu. Wengine wamepanga mstari, majani ya mwembe mkononi badala ya kadi, na mchanga unapimwa kwa kifuniko cha chupa. Yupo anayerudishwa: "Jina lako halionekani, urudi Alhamisi." Tukiwakuta hucheka, kisha tunanyamaza. Bwana Yesu aliitazama michezo ya namna hiyo. Katika Mathayo 11:16-17 anazungumza juu ya watoto waketio sokoni, wanaocheza arusi na kucheza msiba, na kulalamika kwa sababu wenzao hawataki kucheza mchezo wowote kati ya hiyo miwili. Mtu hajui jambo kama hilo asiposimama na kuwatazama watoto. Bwana wetu, mwenye kazi nyingi kuliko sisi wote, alikuwa na nafasi ya kutazama. Na yeye mwenyewe, tusisahau, alivushwa mpaka usiku akiwa mtoto mdogo, na sehemu ya utoto wake ilikuwa Misri.

Lakini wapo wanaotuuliza, na ni swali la haki: tutachekaje? Mama ambaye ndugu zake walikatwa kwa panga anawezaje kupiga makofi kwa sababu mtoto amesimama? Anaona kama anawasaliti waliokufa. Wengine wametuambia kwamba wakicheka mchana, usiku hawalali, wanajiuliza wamewezaje.

Swali hili liliwahi kupelekwa kwa manabii. Soma Zekaria sura ya 7. Katika mwaka wa nne wa mfalme Dario walifika wajumbe kutoka Betheli na jambo moja tu la kuuliza: je, tuendelee kulia katika mwezi wa tano, kama tulivyofanya miaka hii yote? Mwezi wa tano ndio mwezi ambao nyumba ya Bwana ilichomwa moto. Walikuwa wameukumbuka miaka karibu 70, kama mtu wa kwetu anavyoukumbuka mwezi ambao kijiji chake kiliungua, akasikia harufu ya moshi kila unaporudi. Jibu la Mungu ni refu, lina sura mbili. Anawauliza walifunga kwa ajili ya nani. Anawakumbusha haki, wajane, yatima na wageni. Hakuwakemea kwa sababu walilia. Kisha, kabla hajafika kwenye jibu la kwamba siku zile za kufunga zitageuka kuwa sikukuu (liko 8:19), anawapa picha: wazee wa kiume na wa kike wameketi katika njia za Yerusalemu, kila mmoja na fimbo mkononi kwa ajili ya umri, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza.

Tuangalie yaliyokuwapo siku hiyo na yasiyokuwapo. Hekalu lilikuwa bado halijamalizika. Ezra anatuambia lilimalizika katika mwaka wa sita wa Dario. Kuta za mji zilikuwa bado ni magofu, zilijengwa baadaye sana, wakati wa Nehemia. Na Mungu alipotaka kuwaonyesha watu wake kwamba amerudi kukaa kati yao, aliwatajia watoto wanaocheza njiani. Ikiwa mchezo wa watoto ni ishara ya Mungu kuwapo, basi anayecheka na mtoto wake hajawasaliti wafu wake. Na mara nyingi wafu wale, tunaowafahamu kwa majina, ndio waliokufa wakisukuma mtoto kichakani ili aishi. Walitaka acheze.

Bibi na babu wamo katika picha hiyo, tena wametajwa kwanza. Katika makazi haya wapo bibi wanaolea wajukuu watano peke yao, kwa sababu kizazi cha katikati hakipo. Miguu inauma, kuni ziko mbali. Kwao tunasema kwamba nabii aliwaona, na fimbo zao aliziona.

Sasa neno juu ya majina, kwa kuwa kitabu cha kanisa cha kuandikia watoto kiko mikononi mwetu na tunayaona. Kila kabila letu lina utaratibu wake mzuri. Kwa Wanande, mtu akisikia Masika anajua ni binti wa kwanza, akisikia Kambale anajua ni mvulana wa pili. Lakini karibu na hayo tunaandika pia Mateso, Tabu, Shida, Vita, na Safari aliyezaliwa njiani. Hatumlaumu mzazi. Biblia inawajua wazazi wa namna hiyo. Musa akiwa mkimbizi Midiani alimwita mzaliwa wake wa kwanza Gershomu, kwa sababu yeye alikuwa mgeni katika nchi ya ugeni. Ndilo jina la Safari wetu. Lakini Musa hakuishia hapo. Wa pili alimwita Eliezeri, kwa kuwa Mungu wa baba yake alimsaidia na kumwokoa na upanga wa Farao. Hayo yameandikwa Kutoka 18:3-4. Yusufu naye alizaa watoto wawili katika Misri. Wa kwanza ni Manase, kwa sababu Mungu alimsahaulisha taabu yake, na wa pili ni Efraimu, kwa sababu Mungu alimpa uzazi katika nchi ya mateso yake. Angalieni hilo jina la pili: Yusufu hakuikana nchi ya mateso, aliitaja, na ndani yake akataja matunda.

Na Raheli, alipokuwa akifa kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo alimpenda Raheli kuliko wote, na bado alilibadilisha jina hilo, akamwita Benyamini. Mtoto hakupaswa kubeba kaburi la mama yake kila anapoitwa kula. Wazazi ambao wangependa kumwongezea mtoto jina la pili siku ya kumweka wakfu, waje wazungumze na wazee. Mateso anaweza kuendelea kuwa Mateso na akawa pia Faraja. Haitabadilisha chochote katika karatasi za ofisi, msiogope.

Kwa akina baba tuna neno fupi lakini tunalisema kwa nguvu. Kule nyumbani wengi wenu mlikuwa machimboni, ziwani, au nyuma ya ng'ombe, na mtoto mlimwona usiku amelala. Hapa shamba ni dogo, kazi ya kibarua haipatikani kila siku, na mtu anashinda amekaa. Wengine muda huo wanaupeleka kwenye pombe. Wengine wanapenda kukaa na watoto lakini wanaogopa kuchekwa, kwa sababu mwanaume akionekana amembeba mtoto mchanga watu husema amerogwa na mke wake. Someni Hosea 11:3-4. Mungu anasema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Efraimu kutembea, akamchukua mikononi, akainama kumlisha. Mungu Mwenyezi anajieleza kama mzazi aliyeinama mgongo, vidole viwili vimeshikwa na mtoto anayeyumba. Anayekucheka wewe kwa kufanya hivyo, mwambie akasome Hosea kwanza.

Tena, mtoto anayejifunza kutembea hachagui siku. Baba mmoja aliyekuwa amekwenda mjini kuulizia habari za karatasi zake alirudi baada ya siku nne, akakuta mtoto anatembea. Alifurahi, lakini alituambia kuwa hatua zile tano za kwanza anazisikia tu kwa masimulizi ya mke wake. Karatasi, kwa njia, hakuzipata.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawapendi lisemwe kanisani. Baadhi yetu tunawakataza watoto wetu kucheza na watoto wa nyumba fulani. Hatutataja makabila. Kila mmoja anajua anamkataza mtoto wake acheze na nani, na anajua ni kwa sababu ya kilichotokea wapi, na mwaka gani. Mtoto hajui. Yeye anamjua mwenzake kwa mpira wa mifuko na kamba waliousuka pamoja. Anaitwa nyumbani kwa ukali, haelezwi sababu, na siku moja ataelezwa, na siku hiyo vita vitakuwa vimevuka mpaka na kupata askari mpya wa miaka sita.

Zaburi ya 137 tunaipenda, ile ya kukaa kando ya mito ya Babeli na kulia. Kwa kawaida tunaiacha kabla ya mwisho. Mwisho wake unazungumza juu ya watoto wachanga wa adui, na ni maneno ya kutisha. Mungu aliruhusu kilio hicho kiandikwe, kwa kuwa ni kilio cha kweli cha watu walioona watoto wao wakiuawa. Lakini alipotoa ahadi yake kwa kinywa cha Zekaria hakutaja watoto wa upande mmoja. Alisema njia zitajaa. Njia haijai watoto wakati nusu yao wamefungiwa ndani. Tunawasihi wazazi: waacheni wacheze. Kama moyo wako bado hauwezi kumsalimia mama wa mtoto yule, hilo tutaliombea na tutakaa nawe, hatukuharakishi. Ila usimpe mtoto wako mzigo ambao wewe mwenyewe umeshindwa kuubeba.

Hatuhubiri kicheko kwa tumbo tupu. Tangu chakula kilipokatwa tunaona watoto wanaokwenda kulala na uji mwepesi, na tunaona mama anayejifanya amekwisha kula. Nyumba iliyofika hapo imwambie shemasi wa kijiji chake bila aibu. Mfuko ni mdogo, lakini upo, na majirani wenye mihogo na sombe shambani wamekubali kutoa. Tena mchezo ni kipimo. Mtoto ambaye jana alikuwa akikimbia na leo amelala kivulini, amelegea, hataki kunyonya wala kula, huyo si mtoto mtulivu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe malaria, apimwe na mkono kwa ule utepe wa rangi. Msingoje kesho, na msingoje maombi ya Ijumaa. Tutaomba mkiwa njiani.

Nanyi mliopoteza watoto, na ninyi mlioomba mtoto miaka mingi, tunajua ukurasa huu ni mzito kwenu. Watoto wa majirani wanawajua, wanajua ni nyumba gani wakipita hupewa kiazi. Hilo nalo limeandikwa mbele za Mungu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi itakuwa ibada ya kuwaweka wakfu watoto wote waliozaliwa tangu Januari 2025, hata wale ambao wazazi wao walikuwa wanangoja kufanya hivyo "tukifika." Nyumba ziandikishe jina la mtoto na maana yake kwa mwandishi wa kanisa kabla ya Ijumaa. Tunaomba baba ndiye ambebe mtoto mpaka mbele. Pasipo baba, babu, mjomba au kaka. Akina mama wa kwaya wataimba nyimbo za kubembeleza watoto, moja kwa kila lugha iliyoko katika kanisa letu, na lugha ambayo haina mwimbaji ilete mwimbaji. Hakuna haja ya nguo mpya. Uji wa mahindi na karanga utapikwa baada ya ibada, kila mtoto aje na kikombe chake. Mikeka itatandikwa mbele kabisa, karibu na mimbari, na watoto wakipiga kelele wakati wa mahubiri, mhubiri ataongeza sauti.